Mstari wa Midomo na Mstari wa Nyuki

Ninyi vijana mnaopita mbele ya uzio wangu asubuhi, nawasikia. Mnacheka kile kipande cha mbao chenye matundu kinachoning'inia barazani. Juzi mmoja wenu, yule mwenye sauti ya jogoo, alisema, "Ile muzee anatengeneza filimbi ya mashetani." Nilicheka peke yangu ndani hadi chai ikanipalia. Bon. Leo mvua imeninyima kazi, kalamu ninayo. Nitawaeleza kile kipande ni cha nani, na kwa nini bila hicho wajukuu zangu, wale wanaowafunga mabao kila Jumapili, wasingezaliwa.

Jina langu Amisi, mtoto wa Ubundu. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kupanda. Nilianza miaka ile ya hamsini, kwenye bustani ya miche, si mbali na mto Tshopo. Wazungu waliandika Stanleyville juu ya kila kitu, na sisi tukaendelea kusema Kisangani. Shule nilisoma kidogo tu. Lakini ndoto! Niliota mji mzima unachanua, mpaka paa la gari la moshi la Ubundu. Wenzangu walikuwa wakiniona nimesimama na ndoo mkononi, mdomo wazi, maji yakimwagika miguuni, wakapiga kelele: "Amisi, unajimwagilia mwenyewe? Utaota majani!"

Kapita wetu, yaani msimamizi, alikuwa papa Bolamba, mtu wa Opala, mfupi, mwenye tumbo la heshima. Aliongea na miche kama mama anayeamsha watoto wa shule. Tulilea miti ya barabarani, na tulilea mawaridi yaliyotoka mbali, yakaiona mvua yetu, yakakata tamaa. Nyuma kabisa palikuwa na kona ya tope ambapo hakuna ua la Ulaya lililokubali kukaa. Pale ndipo papa Bolamba alipopanda ua la kwetu.

Mnalijua, msijifanye hamlijui. Shina lake linajizungusha kama ngazi ya mnara, na majani yanafuata mzunguko uleule. Juu kabisa kuna kichwa cha kijani, kama ngumi ya mtoto. Kila asubuhi ngumi ile inatoa ua moja, au mawili, meupe yenye wekundu kidogo na koo la manjano. Jioni limenyauka. Kesho linatoka lingine, na hivyohivyo kwa miezi. Halifi likishachanua; shina likichoka, mzizi unasukuma lingine kando. Kila kabila lina jina lake. Sisi watoto wa Ubundu tuliliita mua wa pori, kwa sababu tulitafuna shina lake. Maji yake machachu yanakaza taya, na bado unarudia.

Papa Bolamba alinikabidhi kona ile nimtunzie. Nikataka kumshangaza. Kwa masista niliona ukuta wa majani uliokatwa juu ukanenepa pembeni, basi nikachukua mkasi, nikakata mua wa pori wote juu, sawasawa kama nywele za askari. Miezi ikapita. Majani mazuri, ua hakuna hata la dawa.

"Amisi."

"Papa."

"Hawa batoto uliwafanya nini?"

"Niliwakata juu, papa, wapate matawi."

"Uliwakata kichwa."

"Ndiyo, papa."

"Na sasa unangoja wacheke na nini?"

Donc, shikeni hilo: ua hili linakaa kichwani pa shina. Ukikata kichwa umekata mwaka. Kama mnataka kuongeza shamba, chukueni shina lililokwisha kuchanua, mkate vipande vyenye vifundo, mvilaze chini kama mtu anayelala, msivisimamishe. Funikeni kwa udongo mwembamba, kama shuka ya wakati wa joto. Ukivizika kwa kina, vinaoza. Udongo uwe na unyevu, kivuli kiwe cha nusu siku. Papa Bolamba alisema ua hili halitaki jua kabisa. Hapo alikosea, nami nilikuja kujua kwa kulipanda kwenye lopango la watu, yaani kiwanja chao, nitawaeleza.

Asubuhi moja papa Bolamba aliniambia, "Leo kazi yako iko kukaa." Nikadhani amenifukuza kwa upole. Kumbe alitaka nikae mbele ya maua nitazame. Nikakaa. Akaja nyuki mweusi, mkubwa kama kidole gumba, mwenye mshipi wa manjano, sauti yake kama pikipiki ya padri. Akaingia kooni mwa ua mpaka matako tu yakabaki nje. Alipotoka, mgongo ulikuwa umepakwa unga, akauchukua unga ule hadi ua la pili. "Umeona?" papa Bolamba akaniuliza. "Maua haina miguu. Inapanda juu ya huyu." Sijawahi kusahau asubuhi ile. Nililipwa kukaa!

Sasa tumefika kwa Feza.

Alikuja bustanini amejifunga kitambaa cha rangi ya machungwa, akasimama langoni. "Nani hapa iko munganga ya maua?"

"Miye," nikasema. Nyuma yangu papa Bolamba akakohoa kikohozi kirefu sana.

Feza akaeleza taabu yake. Mama yake alikuwa na barbadini, mtambaa ule wa matunda makubwa kama vichwa vya watoto, umepanda kwenye chanja uani kwao, mtaa wa Tshopo. "Inachanua vizuri, halafu inaangusha yote. Mwaka wa jana hata tunda moja. Mama analia."

"Wale nyuki weusi, wakubwa, wanakuja?"

"Watakuja wapi? Papa yangu anawaua."

Baba yake, papa Yuma, alikuwa fundi wa mbao, mzaliwa wa Maniema, na nyuki yule mweusi ndiye anayetoboa mbao apate kulaza watoto wake. Alitoboa maboriti ya nyumba ya papa Yuma, nyumba aliyoijenga kwa mkono wake. Basi papa Yuma kila jioni alizunguka na kopo la lami akiziba matundu. "Anasema mafundi wawili hawawezi kukaa lopango moja," Feza akasema, akacheka. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya mdogo. Kuanzia hapo sikusikia tena habari za barbadini. Alirudia mara mbili.

Nilianza kupitia kwao kila Jumapili, na ugonjwa wa barbadini ndio ukawa sababu yangu. Lakini kulikuwa na karani mmoja aliyepita hapohapo na kinga yake mpya, yaani baiskeli, akipiga kengele mbele ya mlango. Kengele ile ilinikosesha usingizi. Nikatuma habari Ubundu, na baada ya Idi tonton yangu Kasongo, yaani mjomba, akapanda gari la moshi, akavuka mto kuja kuniombea mchumba. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi mbele tu. "Wakwe wanaangalia mbele," alisema.

Papa Yuma alitupokea kwenye viti alivyovitengeneza mwenyewe, na hakutuuliza habari mpaka tumevisifu.

"Mutoto yenu anafanya kazi gani?"

"Anapanda maua," tonton akajibu.

"Maua inakuliwa?"

"Hapana."

"Inajengewa nyumba?"

"Hapana, mais..."

"Basi binti yangu atakula nini? Harufu?"

Tonton, mtu wa maneno mengi, akaanza kukisifu kiti upya. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mama Feza: "Baba Feza, na wewe Ramazani inakuja utafungua na nini? Maji ya kisima?" Mjue kwamba juisi ya barbadini ya mama Feza ilijulikana mtaa mzima. Jua likizama mwezi wa kufunga, vikombe vilitoka kwake kwenda kwa majirani, Waislamu na Wakristo. Tangu kopo la lami lilipoanza kutembea, vikombe vilikaa ndani, na mama Feza aliona haya hata kusalimiana na jirani wakati wa kufuturu. "Uliza huyo kijana," pazia likaendelea, "kama anaweza kuponya barbadini yangu."

Papa Yuma akanitazama kama anavyotazama ubao wenye ufa.

"Bon. Barbadini ikizaa mbele ya Ramazani, murudie, tutaongea. Isipozaa, kijana apande maua kwao Ubundu. Karani ya kinga naye amechoka kupiga kengele bure."

Ndivyo ilivyokuwa, vijana wangu. Maisha yangu yote yaliwekwa juu ya mtambaa na mdudu anayechukiwa na baba mkwe.

Nikapanga hivi: nyuki hawezi kuja kwa sababu ya barbadini peke yake, inachanua kidogo, inapumzika. Anataka mahali penye chakula kila siku. Na ua linalotoa chakula kila asubuhi kwa miezi ni lipi? Nikapanda mua wa pori kuzunguka lopango lote la papa Yuma, hata upande wenye jua. Mama Feza alimwagia maji ya kuoshea mchele, na hapo ndipo nilipoona ua lile linavumilia jua likipewa maji. Papa Bolamba alikuja kutazama, akasema, "Eh! Lilinidanganya," akacheka tumbo likitikisika.

Yakakua. Vichwa vikaanza kutoka. Nilikwenda kazini wiki ile nikiimba. Jumapili nikafika: mashina yamekatika yote. Ardhini makapi yaliyotafunwa, meupe, kama baada ya harusi ya mbuzi. Watoto wa mtaa mzima! Nilisahau jambo ambalo mimi mwenyewe nililifanya utotoni kila siku. Nani Kisangani anapita karibu na mua wa pori asiutafune? Hata bibi wa jirani alikuwa amevunja mawili, ya kikohozi.

Nikakaa chini, kichwa mikononi. Feza akaja kukaa si mbali. Halafu akasema polepole, "Amisi, usikasirike."

"Sikasiriki na batoto. Batoto ni batoto."

"Si batoto tu. Na miye nilionja."

"Ngapi?"

"Usiulize ngapi."

Nikamtazama, yeye akatazama mbali, shavu limejaa. Alikuwa bado anatafuna! Tukacheka mpaka papa Yuma akapiga nyundo ubaoni kutunyamazisha.

Nilipomsimulia papa Bolamba, hakunicheka. Alikwenda kwenye kona yake ya tope, akang'oa mashina yake makubwa, yale yenye vichwa tayari, pamoja na udongo wake, akanipakilia kwenye toroli. Kona yake ikabaki mashimo. "Peleka," alisema. "Yangu itaota tena. Wewe huna mwaka ya pili." Na akanipa akili hii, ambayo nimeitumia katika kila bustani niliyoilima: "Usikataze mutu kula. Panda mistari mbili. Ya mbele iko ya midomo, ya nyuma iko ya nyuki. Mutu akishashiba mbele, haendi nyuma."

Nikafanya hivyo. Feza akawaita watoto, akawaonyesha mstari wao, akawafanya walinzi wa mstari wa nyuma. Hakuna askari mkali kama mtoto uliyempa cheo.

Maua yakafunguka. Nyuki wakaja, wakaimba. Na jioni papa Yuma akatoka na kopo lake.

Mtauliza, mbona hamkupaka unga kwa kidole? Tulijaribu. Barbadini ile ilikuwa na kiburi, unga wa ua lake yenyewe haikuutaka. Ilitaka wa barbadini ya jirani. Na ua lafunguka asubuhi, saa ambayo mimi niko kazini na Feza yuko kisimani. Mama Feza alijitahidi na unyoya wa kuku, akirudi kutoka kwa jirani mvua imeshauosha. Yeye ndiye aliyenifundisha pia mwiko wa kwao: tunda changa halinyooshewi kidole, linaanguka. Ukitaka kulionyesha, onyesha kwa ngumi. Lakini ngumi hazikuwa na kitu cha kuonyesha.

Nikajipa moyo nikamwendea papa Yuma penye meza yake ya kazi.

"Papa, naomba usiwaue."

"Nyumba iangukie batoto juu ya kichwa, sababu ya juisi?"

Alikuwa na haki. Nilirudi kwa papa Bolamba, naye akasema tu, "Wape nyumba ingine." Basi nikatafuta gogo zuri mtoni, nikalibeba begani toka darajani, nikalisimika uani kwa papa Yuma kama bendera. Wiki zikapita. Nyuki hawakulitazama. Badala yake liliota uyoga.

Papa Yuma alitoka akaliona. Akalizunguka. Akaweka kucha, ikazama kama kwenye ndizi. Alianza kucheka mabegani tu, halafu kicheko kikashuka tumboni, akaweka randa chini.

"Amisi. Ulishaona miye najenga na mbao ya namna hii?"

"Hapana, papa."

"Fundi gani anajenga na mbao inalowa?"

"Hakuna, papa."

"Sasa unamuzarau mududu sababu iko mudogo?"

Papa Yuma mwenyewe alisikia maneno aliyoyasema. Akainua macho kwenye boriti ya karakana yake, ambapo nyuki mmoja alikuwa kazini, unga wa mbao ukimwagika kidogokidogo. Akakinga kiganja, akausugua kati ya vidole. Akachungulia tundu: mviringo kamili, na yule hakupima kwa penseli.

"Unga yake iko laini kuliko yangu," alisema, lakini si kwangu.

Akaingia ndani, akapekua akiba yake, akatoka na kipande cha mti wa limba, kikavu, chepesi, cha zamani. Akachukua kekee akakitoboa vijitundu vya kuanzia. "Watamaliza wenyewe. Naonyesha tu njia." Akakitundika chini ya paa la karakana, mbali na ardhi, kinapoona jua la asubuhi na mvua haikifikii. Maboriti ya nyumba akayapaka lami yote, kila pembe. Kile kipande hakukipaka. Kila jioni alizunguka kama zamani, ila sasa bila kopo. Mama Feza aliniambia alimkuta ameweka sikio kwenye limba, anasikiliza.

Ndiyo hapo nilipojifunza kazi yangu kwa kweli. Ua ni nusu ya bustani. Unaweza kuweka karamu ya kila siku, lakini mgeni asiye na pa kulala ataondoka. Pandeni maua ya kwetu, ndiyo, na acheni ukuni mkavu mahali, acheni kipande cha ardhi ambacho fagio halikigusi.

Siku zikaenda. Mwezi wa kufunga ulikuwa unakaribia, na mimi sikwenda tena Tshopo kwa woga. Niliota ndoto mbaya tu, kengele za kinga. Asubuhi moja nilikuwa nachekecha mchanga, nikaona papa Yuma anaingia lango la bustani. Hakuwahi kufika pale. Alivaa kanzu safi, siku ya kazi. Wenzangu wakaweka majembe chini. Papa Bolamba akavua kofia.

Nikasimama, mikono imejaa mchanga. Moyo ukaniambia: Amisi, amekuja kukuambia urudi Ubundu.

Papa Yuma hakusalimia. Kisha akainua mkono wake wa kulia, polepole, akiukunja, akanyoosha ngumi upande wa mtaa wa Tshopo. Akasogeza ngumi kidogo, akainyoosha tena. Akasogeza, akainyoosha mara nyingine tena, akiendelea, mpaka mashavu yake yakashindwa kuzuia kicheko.

"Mama Feza anakataa nihesabu," alisema. "Twende. Na tonton yako, safari hii, mwambie apige pasi na nyuma."

Papa Bolamba alinimwagia ndoo ya maji kichwani mbele ya wote.

Harusi ilifuata baada ya Ramazani, na katika mwezi ule vikombe vilitoka tena kwa mama Feza jua likizama. Cha kwanza alikipeleka mwenyewe kwa jirani mwenye barbadini, kwa sababu nusu ya unga ilitoka kwake. Karani? Alikuja harusini, akala vizuri, akatupigia kengele tulipotoka. Mtu mwema. Papa Yuma alitupatia kitanda, na juu yake akaweka kipande cha limba, kilekile, chenye matundu na wenyeji ndani. "Fundi mwenzangu," alisema, "mutunze. Hana mukwe ya kumusaidia uzeeni."

Kimehama nasi kila nyumba. Mbao yenyewe tumeibadilisha, kamba tumeibadilisha, wenyeji wamezaana. Feza hapa kando yangu anasema nimewaandikia mambo ya kutafuna kwake, ni aibu. Anayasema akiwa na shavu limejaa.

Basi, wewe mwenye sauti ya jogoo, na wenzako: kesho mkipita, ingieni. Mstari wa mbele ni wenu, vunjeni, tafuneni. Wa nyuma una wenyewe. Na pale juu ya chanja, nyuma ya jani kubwa la kushoto, kuna kitu ambacho nataka mkione. Mikono ikunjwe kabla ya kufika langoni.